Ushauri: Mwaka wa kijana wetu unakaribia. Vijana wanataka mashua, babu anataka hitma, mama yake hataki kusikia lolote

MamaMdogo_Langoni

Assalamu alaykum. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kufiwa na kijana.

Mtoto wa dada yangu alifariki kwa saratani ya mfupa akiwa na miaka 17. Mfungo Saba ujao, mwezi unaofuata ule wa Maulidi, unatimia mwaka. Babu yake anasema tusome hitma, tutoe sadaka, basi. Vijana aliokuwa akisafiri nao wamekuja kwangu, wanataka mashindano ya mashua kwa jina lake hapa Lamu, kutoka Shela hadi mbele ya mji. Dada yangu naye, ukimtaja mwanawe tu anainuka na kuingia ndani.

Niwaeleze alivyokuwa. Kabla ya kuugua, kazi yake chomboni ilikuwa kufua maji na kukaa ubao wa nje mashua inapolala upande. Alipokatwa mguu juu ya goti, sote tulijua bahari kwake imekwisha. Aliporudi kutoka Mombasa, na dawa za kemo bado zinamsumbua, alimfuata nahodha wake akamwambia, "Usukani hautaki miguu miwili, nifunze." Akafunzwa, akawa hodari wa kuusoma upepo unavyogeuka katikati yetu na Manda. Jioni alikuwa gatini anawafunza watoto wa mtaa kuogelea, yeye kakaa kwenye ngazi anawapigia kelele. Mpira alibishania hadi watu wafunge milango. Na ole wako umwite maskini.

Ugonjwa ulipopanda mapafuni alitaka aambiwe ukweli, akaambiwa. Akauliza kama atawahi mashindano ya Maulidi. Aliwahi. Chombo chao kilitoka cha pili na alinuna hadi kesho yake! Wiki chache baadaye akatutoka.

Nataka akumbukwe kwa hayo. Siku hizi watu wakimtaja huanza na kulia na humaliza na hospitali, kana kwamba aliishi kitandani tu. Nifanyeje bila kumvunjia heshima mzee wala kumuumiza dada?

Nahodha_wa_Shela

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Poleni sana.

Nitasema kama mtu wa vyombo. Mashindano mapya yana gharama: zawadi, ruhusa, boti za kusimamia watu wasizame. Mwaka wa kwanza kila mtu atachanga, mwaka wa tatu mtabaki wewe na vijana wawili. Na Lamu hatuna uhaba wa mashindano. Maulidi yana yake, tamasha la utamaduni lina yake, mwaka mpya Shela ina yake. Chombo alichokishika usukani kiko bado? Basi kiandikwe jina lake na kiingie Maulidi na wenzake. Kitatajwa mbele ya mji mzima bila nyinyi kutafuta hata kipaza sauti.

Muuguzi_Pwani

Pole mama mdogo. Nina la kuongeza ambalo huenda familia haitalipenda sasa hivi, lakini nalisema kwa mapenzi.

Saratani ya aina hii, mara nyingi ni ile iitwayo osteosakoma, hupenda vijana katika miaka wanayorefuka haraka, na mahali pake pakubwa ni karibu na goti. Kijana anacheza mpira, goti linauma, kila mtu anajua ameumia uwanjani. Anakandwa, anapakwa dawa, wiki zinapita. Si kila goti linalouma ni saratani, walio wengi ni misuli tu. Lakini maumivu yanayozidi usiku, au uvimbe usiopungua wiki baada ya wiki, yanataka picha ya eksirei, si mkando.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto, lengo likiwa angalau asilimia 60 wapone ifikapo 2030. Katika nchi tajiri wanaopona ni zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Kuchelewa kugundulika ni moja ya sababu, pamoja na dawa kukosekana na safari kuwa ndefu, na sisi wa visiwani safari tunaijua. Kama vijana wake watakusanyika kwa ajili yake, nipeni robo saa niseme nao.

Ila mama yake asije akadhani hayo yanamhusu yeye. Saratani ya mfupa haimpati mtoto kwa sababu ya jambo alilofanya au aliloacha mzazi.

Bara_na_Pwani

Muna habari za Terry Fox wa Kanada? Alikuwa na saratani hiyo hiyo, akakatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 akaanza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, kuchangisha pesa za utafiti. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni. Alifariki Juni 1981, hajafika miaka 23. Tangu mwaka huo watu hukimbia kila mwaka kwa jina lake, na mbio zenyewe hazina mshindi. Pengine na nyinyi mfanye msafara wa mashua usio na wa kwanza wala wa mwisho.

Kijana_wa_Gatini

Mimi ni mmoja wa wale waliokwenda kwa mama mdogo. Kaka, nimekuelewa, lakini wewe hukumjua. Yeye kushindwa na chombo cha Matondoni kulimuuma kuliko sindano. Mashua bila mshindi si yeye. Fikra ya nahodha naiunga mkono.

Mzee_wa_Mkomani

Wanangu, babu yake namfahamu fikra zake. Hitma ni dua, mashua ni furaha ya mji, kila kimoja kina siku yake. Msivichanganye siku moja na mzee hatakuwa na neno. Hitma isomwe mwaka unapotimia, chombo kiingie Maulidi, ambayo yanatangulia.

Na mmelipita jambo kubwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kumwombea. Kijana hakuacha mtoto. Lakini watoto aliowafunza kuogelea wako, na kisiwani kuogelea ni uhai. Nani anawafunza sasa?

Mama_Malindi

Nasema kama mama. Binti yangu alikufa kwa saratani ya damu, alikuwa kidato cha pili. Majirani kwa huruma yao waliacha kumtaja, ikawa kama nimezua mtoto ambaye hakuzaliwa. Lakini na mimi miezi ya mwanzo nilikuwa nikiinuka kama dada yako. Usimuulize "tufanye nini?", swali hilo ni zito mno. Muulize dogo: mbaazi au pilau siku ya hitma? Shati lake nani apewe? Na mumseme na ukaidi wake pia. Wangu alikuwa mkali, na waliokuja kunisifia malaika nilishindwa kujua wanamsema nani.

MamaMdogo_Langoni

Nimesoma yote, nimelia na nimefaidika. Mzee wa Mkomani, jibu la swali lako ni hakuna. Tangu aondoke hakuna anayewafunza.

Jana nimemuuliza dada la mapishi, kama alivyosema Mama Malindi. Akanyamaza, kisha akasema pilau, na hitma iwe nyumbani kwake, si kwa babu. La chombo hajakubali wala hajakataa, kwa hivyo rangi isiguswe kwanza. Kijana wa Gatini, nawaomba wewe na wenzako muanze na watoto jioni hizi maji yakijaa, hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Muuguzi, nakutumia ujumbe, nataka uje useme na vijana kabla likizo ya Agosti haijaisha.