Je, shimo jeusi ndilo linaloiongoza galaksi yake?

Mwanzilishi wa mada, Malindi:
Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa kwetu baharini, nayo ikanasa eksirei zilizotanda katika makundi ya galaksi. Baadaye ilibainika kwamba zinatoka kwenye gesi yenye joto kali, ambayo ilipaswa kupoa na kuzaa nyota nyingi, lakini haipoi kwa kiasi hicho. Nadai kwamba shimo jeusi, yaani kitu kizito mno ambacho hata mwanga hauponyoki mvuto wake, lililo katikati ya galaksi ndilo linaloizuia kupoa. Katika kundi la Perseus, darubini ya angani ya Chandra, inayonasa eksirei, imeonyesha mapovu makubwa yaliyopulizwa ndani ya gesi na mikondo ya kasi itokayo kandokando ya shimo hilo. Tena tangu mwaka 2000 tunajua kwamba uzito wa shimo huenda sambamba na kasi ya nyota za uvimbe wa galaksi, yaani rundo la nyota lililo katikati yake, ingawa nyingi ziko mbali mno kuhisi mvuto wake. Usukani ni mdogo, lakini jahazi hulifuata.

Mchangiaji, Lamu:
Kaka, kuhusu Perseus nakukubalia. Kuhusu usambamba, sikubali: bendera mbili zikielekea upande mmoja, haina maana kwamba moja inaivuta nyingine, kwani zote zinafuata upepo. Galaksi zikiungana, mashimo yao nayo huungana, na baada ya miungano mingi uwiano hujisawazisha kwa hesabu tu. Isitoshe, galaksi jirani yetu, M33, haijaonekana kuwa na shimo kubwa, na inazaa nyota bila shida.

Mwanzilishi wa mada:
M33 hainisumbui, ndugu yangu, kwa sababu haina uvimbe wa maana. Kinachonisumbua ni galaksi ya UHZ1, iliyotangazwa mwaka 2023: tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 470 hivi baada ya Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu, na shimo lake linakadiriwa kukaribia uzito wa nyota zake zote, ilhali katika galaksi za karibu shimo kwa kawaida halifiki hata sehemu moja kwa mia ya uzito wa uvimbe. Ikiwa uwiano ulianza ovyo namna hiyo, hoja yako ya hesabu inapata nguvu, nami nalegeza kamba hapo. Kwenye gesi silegezi. Hata hivyo, kwa umbali ule mashimo makubwa yanayong'aa ndiyo yanayoonekana kwanza, na mvuvi aliyetega jarife, wavu wa macho makubwa, hawezi kutuambia bahari haina dagaa.