Mbona wachoraji wanapaka vivuli bluu na taksi nyeupe wanaitia wekundu?

Kijana_wa_Ntinda
Ndugu zangu habari, kuna picha ya kuchorwa nimeiona hapa Kampala, taksi imesimama kwenye barabara ya murram, ule udongo mwekundu, saa za jioni. Sasa taksi zetu si tunajua ni nyeupe na ule mstari wa miraba ya bluu? Huyu msanii kaipaka chini karibu rangi ya chungwa, kivuli chake bluu kabisa. Ni madoido tu au mi ndo sioni?

rangi_na_brashi
Unaona bwana, ila ubongo unakusahihishia. Ule udongo mwekundu unarusha mwanga juu kwa hiyo ubavu wa chini wa gari unashika wekundu, na kivuli hakipigwi na jua, kinapata mwanga wa anga tu, na anga ni bluu. Jicho linapokea yote hayo lakini kichwa kishasema "taksi nyeupe" kikamaliza. Kunja karatasi iwe kama bomba jembamba, chungulia ukuta mweupe ulio karibu na udongo jua likiwa kali, kwanza chini halafu juu, uone.

MamaTwins_Jinja
Kweli, na ndo maana yule mchoraji Monet wa Ufaransa alichora kanisa la Rouen picha zaidi ya 30, miaka ya 1892 hadi 1894, jengo lile lile, mwanga tofauti! Baadaye akapata mtoto wa jicho, rangi zake zikaenda wekundu na kahawia mpaka alipopasuliwa 1923.

Mzee_Kanyama
Hiyo fizikia yenu sawa lakini haitoshi. Mtu anachora kinachomhusu. Waambie watu wawili wachore soko la Owino hapa Kampala, anayeuza pale atakuchorea mitumba ilivyopangwa, bei na wateja wake, mpita njia atakuchorea msongamano na mkono umeshika mfuko wa simu. Jua ni moja, soko ni moja. Hapo bomba la karatasi litakusaidia nini?

Kijana_wa_Ntinda
Haha mzee umenimaliza. Lakini nimechungulia ukuta wa jirani, kweli chini una wekundu, sijui nilikuwa naangalia nini miaka yote. Sasa mawingu yakitanda je, kivuli kinabaki bluu?

rangi_na_brashi
Hapana, kinakuwa kijivu na kingo zinafifia, maana mwanga unatoka wingu zima. Ukitaka bluu nzuri toka asubuhi kukiwa kweupe, saa sita huku kwetu jua liko utosini vivuli vyote vimejificha chini ya magari.