Naombeni ushauri: kompaila igeuze aina za namba yenyewe au ikatae?

Mwana wa Ngamiani
Habari zenu wakuu. Niko Tanga, naandika kompaila (programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iuendeshe) ya lugha ndogo ya Kiswahili ya kuandikia programu, imfae karani wa mkonge kwenye hesabu zake. Mti wa sintaksia (msimbo ukipangwa kama mti, kila sehemu ni nodi yenye watoto chini yake) unajengeka vizuri, nimekwama kwenye kukagua aina, yaani kuhakiki kama kila thamani ni namba nzima au desimali. Karani akiandika:

desimali wastani = tani / magari

tani ni 7, magari 2, zote namba nzima. Jibu linatoka 3.0. Nusu tani ya mkonge imepotea na karani hajaonywa, na hilo siwezi kulikubali. Kugeuza namba nikuweke kwenye ukaguzi au kwenye kuzalisha msimbo (hatua ya mwisho ya kutoa maagizo ya kompyuta)? Na kugeuza kimyakimya niruhusu kweli?

Fundi Chumbageni
Mkuu, hata lugha ya C ingekupa 3.0. Aina hupanda kutoka chini ya mti: mgawanyo unatazama watoto wake wawili, unakuta namba nzima kwa namba nzima, unakata kilichobaki baada ya nukta. Ile desimali ya kushoto inafikiwa hesabu imeshakwisha.

Geuza kwenye ukaguzi. Mtoto mmoja akiwa namba nzima na mwenzake desimali, chomeka nodi ya "geuza" juu ya yule wa namba nzima, halafu andika aina ya jibu kwenye nodi mzazi. Kizalishaji msimbo kikute kila kitu kimeamuliwa. Kikianza kukisia, utakuwa na kanuni mahali pawili na ipo siku zitapingana.

Binti Pangani
Naongezea hapo kwa kaka. Namba nzima kwenda desimali ruhusu. Kurudi nyuma, desimali kwenda namba nzima, karani aandike mwenyewe kwamba anageuza, kama lugha ya Java inavyodai. Ila usitumie desimali za biti 32 (zinazohifadhiwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1): 16,777,217 ikiingia humo inageuka 16,777,216. Za biti 64 zinabeba namba nzima yoyote ya biti 32 bila kupungua.

Na huo mgawanyo upe alama mbili. Lugha ya Python 3 inafanya hivyo: / inaleta desimali, // inashusha hadi namba nzima. Karani wako atapata 3.5 yake.

Mwana wa Ngamiani
Ahsante sana dada, alama mbili nazichukua. Na ukaguzi ukikataa, niseme nini? Kosa moja linazaa mengine kumi chini yake.

Fundi Chumbageni
Taja mstari, aina iliyotakiwa na iliyokutwa. Kisha ipe nodi hiyo aina maalumu ya "kosa", na kila kanuni ikiiona ipite bila kulalamika tena.