Mrejesho: rambirambi za mtangazaji wetu

Niliuliza sisi wasikilizaji tunaopiga simu kwenye kile kipindi cha mazungumzo cha asubuhi redioni tufanye nini na pesa tulizochanga, baada ya mtangazaji wetu kufariki ghafla. Maziko yalishatupita, hapa Malindi maiti ya Kiislamu haicheleweshwi.

Ahsanteni mliosema tuachane na shada la maua, mjane apewe mkononi mwake. Yumo edani, ule muda wa mjane kujitenga, miezi 4 na siku 10, kwa hiyo sisi wanaume tulibaki barazani na kaka wa marehemu, kina mama wakaingia na bahasha, mchele na mafuta. (Kuna aliyetaka tupige picha ya kukabidhi. Tulimkatalia.)

Kumbe mjane anatujua kwa sauti! Mmoja alipotoa pole tu, akaulizwa: "We si ndiye wa mabomba makavu? Mume wangu alikuwa akikungoja upige." Wakacheka, halafu kilio kikaanza upya.

Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ni Ijumaa baada ya Alasiri. Mahamri tunapika sisi, chai ni ya kwao. Pesa zilizobaki tumemwachia kaka mtu awalipie watoto karo.