Darasa linajaa ila wanaofaulu wachache, mnafuatiliaje?

Wakuu, nafundisha hesabu chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) California, darasa limejaa ila nakuja kugundua mtu kapotea mtihani wa kati ushapita. Nyie mnafanyaje?

Jibu: Mkuu usingoje mtihani, wiki 3 za kwanza angalia nani hajaleta kazi, nani haingii kwenye mfumo wa masomo mtandaoni, halafu mpigie simu kabisa maana imeili hawasomi. Na wanaojitoa katikati wahesabu pia, ukihesabu waliofika mwisho tu asilimia inakudanganya.

Jibu: Naongezea, tangu sheria ya California ya AB 705 (inayobana vyuo vya jamii kulazimisha kozi za maandalizi) isainiwe 2017 wengi wanaingia moja kwa moja hesabu za ngazi ya chuo bila kozi hizo, kwa hiyo fuatilia nani anahudhuria darasa la msaada na nani hafiki.

Muuliza: Asanteni sana, waliojitoa sikuwahi kuwahesabu kabisa, imeniuma. Naanza na majina yao leo.