Majeruhi wa ajali na bodaboda: tumbebeje mpaka hospitali?

Mkazi wa Kitonga
Ndugu wanajukwaa, sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa ndio tunaofika kwanza lori linapopinduka, na mara nyingi gari la wagonjwa halipo karibu. Majeruhi hupakiwa kwenye bodaboda kwa mtindo wa mshikaki, akikalishwa kati ya dereva na mtu anayemshikilia kwa nyuma. Je, njia hii inafaa, au ni afadhali kusubiri gari hata kama anavuja damu?

Muuguzi wa dharura
Ndugu, kabla ya kufikiria chombo cha usafiri, zuieni damu, kwa sababu anayevuja sana anaweza kufariki ndani ya dakika chache. Kandamizeni jeraha kwa khanga safi iliyokunjwa, bila kuiinua kila mara ili kuchungulia, na ikilowa ongezeni kitambaa kingine juu yake. Damu ya mguu au mkono ikikataa kukoma, fungeni kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye kiungo kama goti au kiwiko, mkikaze kwa kijiti mpaka ikome, kisha andikeni saa mliyofunga mahali ambapo sisi tunaompokea tutaiona. Asipewe maji hata akiomba, maana huenda akahitaji upasuaji.

Mshikaki siuungi mkono hata kidogo. Mtu aliyerushwa na gari huenda ameumia uti wa mgongo, na shingo inapoyumba katika kila tuta anaweza kupooza. Akiwa hana fahamu, kichwa huinama na njia ya hewa ikaziba.

Mkufunzi wa huduma ya kwanza
Naafiki. Tafuteni pikapu, na mlango au ubao mpana uwe machela: mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, wengine watatu wamgeuze mwili wote kwa pamoja. Gari likianza kuwaka, mtoeni mara moja. Likiwa lori la mafuta, wasiookoa wakae mbali kabisa. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha moto ulipolipuka wakati wengine wakichota petroli.

Mkazi wa Kitonga
Ahsanteni sana. Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi? Wengi huanza kupitia kituo cha polisi.

Muuguzi wa dharura
Msimpitishe majeruhi kituoni. Matibabu ya dharura huanza wakati fomu inafuatiliwa, kwa hiyo mmoja wenu aende polisi huku gari likielekea hospitali moja kwa moja, na mwingine atupigie simu mapema ili tuandae damu na chumba.