Naomba ushauri: kuweka nipeli za grisi kwenye boljointi

Ndugu zangu, hamjambo? Niko Malindi. Pikapu yangu inayovuta magurudumu yote manne hushinda kati ya Gongoni na Marafa: huku maji ya chumvi, kule mawe na vumbi. Boljointi za chini (viungo vya tufe vinavyoshikilia gurudumu) zimezibwa kiwandani, hazina nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi). Juzi nilifungua moja, mpira unaoifunika umechanika, grisi imegeuka tope jekundu la kutu. Ni ya pili hii, inaniuma kweli.

Fundi anataka kutoboa kifuniko kwa kekee, akate hesi ya milimita 6, afunge nipeli. Nahofia chengachenga za chuma zibaki ndani zisage jointi, na bomba la grisi lipasue mpira mpya. Mliowahi kufanya, mlizitoaje chenga? Grisi ya lithiamu yahimili chumvi? Au ninunue zenye nipeli tayari?